Aliwekwa, Hakuuzwa

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na maneno mawili aliyoyasema kila habari za mama yake zilipotajwa: "Aliwekwa, hakuuzwa." Aliyasema bila kuulizwa, tena bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo wake, kisha akaendelea kupepeta. Sisi wajukuu tuliyapokea kama tunavyopokea mambo mengi ya wazee, tukidhani ni namna yake tu ya kusema. Alifariki mwaka 1976. Ilipita miaka kumi na mitatu ndipo nikafahamu kwamba yale maneno mawili yalikuwa ushahidi, na kwamba siku zote zile alikuwa akitukabidhi.

Habari yenyewe, kama alivyoisimulia, ni hii. Katika njaa ambayo yeye aliiita njaa ya kula ngozi, watu wa Uzigua walipofikia kuroweka ngozi kuukuu za kulalia na kuzichemsha, mama yake, mtoto wa kike ambaye alikuwa bado hajamaliza kung'oa meno ya utotoni, alipelekwa Pangani na mjomba wake. Huko akaachwa kwa mfanyabiashara mmoja, mjomba akarudi na mtama. Yule mtoto alikaa pwani mpaka akawa mwali. Mvua zilipokuwa zimerudi na mavuno yakapatikana, mjomba aliteremka tena, akalipa, akamchukua mtu wake. Akaolewa, akazaa, na kizazi chake ndicho sisi tuliopo Mkata hivi leo.

Msomaji, huenda unaijua Mkata kwa dirisha la basi tu. Ukitoka Chalinze kuelekea Segera na Korogwe, ndipo mahali inapochepuka njia ya kwenda Handeni mjini. Zamani shamba lililopakana na barabara lilikuwa na hasara zaidi ya faida, kwa kuwa wapita njia walichuma. Lakini biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, vibanda vikaota, akina mama wakaanza kuuza chakula, magari yakawa yanalala, na ardhi ya kando ya lami ikapata thamani ambayo wazee wetu hawakuiota. Mama yangu alikuwa na shamba la namna hiyo.

Mwaka 1989 kikaitwa kikao cha ukoo. Mjomba wetu mmoja wa nyumba kubwa, mtu mwenye heshima na mwenye kumbukumbu, alisimama akasema mbele ya watu: "Dada yangu simchukii. Lakini hawa hawana tumbo hapa. Mzazi wao alinunuliwa kwa pishi za mtama." Kwa asiye Mzigua hapana budi nieleze uzito wa maneno hayo. Kwetu, kwa desturi ya zamani, mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamke aliyenunuliwa hakuja na ukoo. Watoto wake ni wa aliyemnunua, na wanakaa kwa hisani. Kwa sentensi moja mama yangu, wakati huo akiwa amekwisha kupita miaka sitini, alikuwa ametolewa katika ukoo aliozaliwa, pamoja na shamba lake. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu: "Aliwekwa, hakuuzwa." Mjomba akajibu: "Nani anajua?"

Kikao kiliahirishwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki, na ugonjwa wetu walimu ni kudhani kila swali lina kitabu chake. Nyumbani tulikuwa nacho kile cha Mochiwa, Habari za Wazigua, kilichochapwa mwaka 1954. Nilikisoma upya, kisha nikawauliza wenzangu. Jibu la swali la mjomba sikulipata.

Mwaka 1991 nikapelekwa Dar es Salaam kwa semina ya majuma sita. Jumamosi ya kwanza nilichukua barua ya utambulisho nikaenda kwenye maktaba moja kubwa mjini humo, ambayo sitaitaja kwa sababu msomaji ataiona baadaye. Nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la kadi, nikavuta droo, nikatafuta vitabu juu ya Handeni. Kadi zilikuwa chache, na hakuna hata moja iliyokuwa na harufu ya njaa. Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari langu wakati mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliponiuliza: "Mwalimu, unatafuta kitabu au unatafuta makala?"

Nikamwambia natafuta historia.

Akacheka kidogo. "Historia nyingi haijafika kwenye vitabu. Iko katika majarida. Na hili kabati la kadi ni kama orodha ya nyumba: litakuambia nyumba iko mtaa gani, halikuambii nani amelala ndani." Akanipeleka kwenye rafu ya chini nyuma ya meza yake, penye vitabu vizito vya jalada gumu ambavyo haviazimwi. Hizo ndizo zilikuwa faharasa za majarida.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana chombo hiki kina historia yake, nami niliipenda nilipokuja kuijua. Karne ya 19 majarida yalikuwa yamezidi kuwa mengi huko Ulaya na Marekani, yakifungwa mwaka kwa mwaka na kuwekwa rafuni, na aliyetaka kujua kilichomo alilazimika kuyafunua moja moja. Katika chuo cha Yale kulikuwa na mwanafunzi aliyeitwa William Frederick Poole, aliyesaidia kazi katika maktaba ya chama cha wanafunzi wenzake. Wenzake walikuwa wakija kabla ya midahalo yao kuuliza kuna nini juu ya jambo hili au lile. Badala ya kujibu swali lile lile kila wiki, Poole alikaa akaandika orodha ya mambo yote yaliyomo katika majarida ya maktaba ile kwa mpangilio wa alfabeti, na mwaka 1848 ikachapwa kitabu cha kurasa 154. Ndiyo mwanzo wa kazi iliyomchukua umri wake. Toleo lake kubwa la mwaka 1882 lilipitia majarida 232, likifanywa kwa ushirikiano wa maktaba nyingi za Marekani na Uingereza, kila moja ikipewa fungu lake la kusoma. Lilikuwa na kasoro moja ya ajabu: lilitaja juzuu na ukurasa bila kutaja mwaka, hata msomaji alihitaji jedwali jingine la kumwambia juzuu ya kumi ni ya mwaka gani.

Mwaka 1901 muuza vitabu wa Minneapolis, Halsey William Wilson, akaanzisha Readers' Guide to Periodical Literature. Ujanja wake ulikuwa katika risasi za chapa. Kila mstari uliokwisha kupangwa kwa risasi aliuhifadhi, akauchanganya na mistari ya miezi iliyofuata, akachapa upya orodha moja badala ya vijitabu kumi na viwili. Wakulima watanielewa: ni kama kumimina mavuno ya kila mwezi katika ghala moja. Tangu hapo kila taaluma ikajitengenezea ghala lake. Waganga walikuwa na Index Medicus tangu mwaka 1879, ambayo iliendelea kuchapwa mpaka mwaka 2004. Kwa mambo ya Uislamu, J. D. Pearson wa London alitoa Index Islamicus mwaka 1958, akiwa amekusanya makala za tangu mwaka 1906. Kwa Afrika palikuwa na African Abstracts, iliyotoka kati ya mwaka 1950 na 1972. International African Bibliography kuanzia 1971. Na Africa Bibliography, kitabu kimoja kwa kila mwaka, iliyoanzia makala za mwaka 1984.

Sasa turudi kwenye meza yangu. Nilifungua herufi M, nikatafuta Mkata. Moyo ulinidunda nilipoliona jina la kwetu limechapwa. Nikafuata maelezo: Mkata hiyo ilikuwa ni mbuga ya Kilosa, ng'ombe na nyasi na mto, Mkata ya Reli ya Kati, jirani ya Mikumi. Nikatafuta tena katika juzuu nyingine, Kilosa tena. Katika Kiswahili mkata ni mtu asiye na kitu, na siku ile niliona jina limetustahili.

Nikaenda W, nikatafuta Wazigua. Hakuna. U, Uzigua. Hakuna. Yule mama alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Akaja akakaa, akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Usiwatafute watu wako kwa jina wanalojiita. Watafute kwa jina waliloitwa na walioandika."

Kwanza, akasema, kata kichwa cha neno. Wazungu wengi wanaotengeneza orodha hizi wanaondoa Wa na U na Ki, wanabakiza shina. Wazigua wako Z. Lakini hata huko Z wamegawanyika: wengine wameandika Zigua, wengine Zigula, kwa kuwa wamisionari wa kwanza walioandika lugha yetu waliweka l hiyo. Wajerumani nao waliandika Usegua na Useguha, kwa hiyo nenda na S. Nguu ni Ngulu, na pia ni Nguru. Halafu ile nchi yenyewe. Kabla ya mwaka 1964 hakuna Tanzania, tafuta Tanganyika. Kabla ya mwaka 1920 hakuna Tanganyika, tafuta Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Na Handeni wakati wa Mjerumani ilikuwa chini ya Pangani, kwa hiyo Pangani isikupite. Niliandika yote hayo katika daftari langu. Watu wale wale, kilima kile kile, na majina saba.

Mahali pengine faharasa zenyewe zinakusaidia kwa neno moja tu: tazama. Unafungua jina moja, unakuta hakuna kitu isipokuwa "tazama" na jina jingine. Mwanzoni neno hilo lilinikera, kama karani anayekuambia nenda dirisha la pili. Baadaye nililiheshimu. Mtu aliyeandika "tazama" amekwisha kufikiri kwamba kuna mwingine atakuja akiwa na jina tofauti, akamwekea kibao njiani. Kwa Wazigua vibao hivyo vilikuwa vichache.

Tatizo la pili lilikuwa lile neno la bibi. Jambo la kuwekwa liko chini ya kichwa gani? Nilikwenda kwenye neno la Kiingereza la utumwa, nikakuta safu juu ya safu: Unguja, misafara, karafuu, biashara ya baharini. Zote zilikuwa za kuuzwa. Nikatafuta neno lao la rehani ya mtu. Nikakuta makala chache, nazo zilikuwa za Afrika Magharibi. Nilikaa nikafikiri kwamba kumbe mjomba na faharasa wanafanana. Wote wawili walikuwa na kisanduku kimoja tu kwa ajili ya mtoto aliyeachwa pwani, nacho kimeandikwa utumwa.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu nilipoacha majina na kufuata njia nyingine. Africa Bibliography haikupangwa kwa makabila. Imepangwa kwa nchi, na ndani ya nchi kwa mambo. Nilichukua ya kila mwaka, nikafungua Tanzania, nikafungua historia, nikasoma mstari kwa mstari kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Katika ya mwaka 1986 kidole kikasimama. James Giblin. Makala juu ya njaa na mabadiliko ya jamii wakati wa kuingia utawala wa kikoloni, kaskazini mashariki ya Tanzania, tangu mwaka 1880 hadi 1896. Jarida African Economic History, namba 15, ukurasa wa 85 hadi 105.

Hapakuwa na Mkata wala Handeni wala Uzigua katika kichwa kile. Kama ningeendelea kutafuta jina la kwetu ningelikosa mpaka leo. Lakini miaka ilikuwa ni yenyewe. Nilipiga hesabu kwa vidole: bibi alizaliwa karibu na mwaka 1900, mama yake akiwa mama wa watoto, meno ya utotoni yake yangekuwa yanang'oka katikati ya miaka ya 1880. Nilinakili mstari ule mara mbili, mara moja katika daftari na mara moja kwenye karatasi niliyoiweka mfukoni mwa shati, nisije nikaibiwa begi kwenye basi.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kupata mahali makala ilipo si kupata makala. Maktaba ile ilikuwa na jarida hilo, lakini rafuni mfululizo ulikatika kabla ya namba 15. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na maktaba nyingi nchini zilikuwa zimeacha kununua majarida ya nje. Faharasa zilizokuja kama misaada ziliendelea kutaja vitu ambavyo rafu hazikuwa navyo. Ndiyo sababu sikuitaja maktaba. Yule mama wa miwani hakuwa na kosa, na alisikitika kuliko mimi.

Nikamwandikia kijana mmoja wa Korogwe, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa akisoma London. Sikumwandikia kwamba natafuta habari za njaa ya kwetu. Nilimwandikia jina la jarida, namba, mwaka na kurasa, hayo tu. Hiyo ndiyo nguvu ya mstari ule wa faharasa: ukiwa nao, mtu asiyejua lolote juu ya bibi yako anaweza kunyoosha mkono katika mji wa mbali akatoa kitu chako. Baada ya miezi minane bahasha ilifika. Fotokopi, kurasa ishirini na moja, nyingine zimekosa mstari wa pembeni.

Nilimsomea mama jioni tatu mfululizo, nikitafsiri polepole. Nilipofika penye watu waliowatoa jamaa zao kwa watu wa pwani ili wapate chakula, mama alinyanyua mkono nikanyamaza. Akauliza: "Huyo Mzungu alimjua bibi yako?" Nikasema hapana. "Basi nani alimwambia?" Sikuliona swali lile lilivyokuwa zuri. Nilimjibu kwa haraka kwamba wasomi wana njia zao.

Katika kikao cha mwaka 1992 nilikwenda na karatasi zangu nikiwa nimezipigia mistari. Nilizungumza kwa muda mrefu, kama mwalimu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Jina lake limo?"

"Halimo, mjomba."

"Basi hiyo ni habari ya njaa. Njaa tunaijua." Watu wakacheka, nami nikakunja karatasi zangu.

Nikaona labda jina liko katika magazeti yetu wenyewe ya Kiswahili. Mkoa wa Tanga si mgeni wa kuchapa. Wamisionari wa Magila walikuwa na Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890, na shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga ilikuwa na gazeti lake, Kiongozi, mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, likapokea habari na barua na mashairi kutoka kila wilaya. Kila nilipopata likizo na nauli nilikwenda kufunua Mambo Leo. Huko hapakuwa na Poole. Faharasa zote zile nilizozifungua zilihesabu majarida ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Mzee wa Handeni aliyeandika barua kwa Kiswahili chake hakuwa na herufi ya kumtafutia. Kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kufunua ukurasa baada ya ukurasa, mwezi baada ya mwezi, macho yakiwasha kwa vumbi. Jina la mama wa bibi sikulikuta. Lakini nilianza kunakili niliyoyakuta ya upande wetu, kila jambo kwenye kipande chake cha kadi, nikikata majalada ya madaftari yaliyokwisha, na kuyapanga katika boksi la chaki. Kwangu Wazigua wako W.

Mwaka 1997 nilikuwa Dar es Salaam kwa ajili ya matibabu ya macho. Kwa mazoea nikapita maktaba, nikakuta Africa Bibliography za miaka iliyofuata. Tanzania, historia, kidole. Katika mambo ya mwaka 1994 jina lile lile la Giblin likatokea, safari hii si katika jarida bali sura katika kitabu cha waandishi wengi kilichohaririwa na Toyin Falola na Paul Lovejoy, kitabu kizima juu ya watu kuwekwa rehani katika Afrika. Sura yake ilihusu rehani, siasa na ukoo wa kwa mama katika kaskazini mashariki ya Tanzania. Nilisoma kichwa kile mara tatu nikiwa nimesimama. Miaka mitano nilikuwa nimefunua magazeti nikitafuta mtu, kumbe mwingine alikuwa anaandika lile neno.

Kitabu kilipatikana mjini. Mashine ya fotokopi ilikuwa mbovu, nami macho yangu yalikuwa na dawa, lakini niliinakili sura ile kwa mkono kwa siku mbili, na kwa sababu ya lile swali la mama safari hii sikuziacha tanbihi.

Sikungoja kikao. Nilikwenda kwa mjomba jioni, akiwa amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa amezeeka, mguu mmoja umevimba. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kumsomea tena. Akasema: "Soma, mpwa wangu. Mimi siendi popote." Nikasoma. Tofauti ya mtu aliyewekwa na mtu aliyeuzwa ilikuwa imetajwa na kujadiliwa kama jambo zito, si kama kisingizio cha wajane. Mjomba hakusema kitu. Nilipomaliza akaniuliza lile swali lake.

"Jina lake limo?"

"Halimo, mjomba."

"Na aliyemwambia Mzungu ni nani?"

Hapo nikageuza kurasa za nyuma, nikaanza kusoma tanbihi: wazee waliozungumza naye, mmoja mmoja, jina na kijiji. Nilisoma kama mtu anayeita mahudhurio. Katika jina mojawapo akanyosha mkono. "Soma tena." Nikasoma tena. Akakaa kimya kwa muda mrefu, magari yakipita barabarani. Kisha akasema: "Huyu tulikuwa naye jando moja. Hakuwa mwongo."

Hakuongeza neno, wala sikumlazimisha. Mwezi uliofuata palikuwa na msiba upande wa Korogwe, ndugu wengi walikuja ambao hatujuani. Mjomba aliwatambulisha watu wa nyumba kwa wageni, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa mama yangu alisema, "Huyu ni dada yangu, wa tumbo letu," akaendelea na wa pili yake. Mama alikuwa ameshika sufuria ya wali; hakuiweka chini. Mpaka wa shamba ulibaki pale pale ulipokuwa, na habari ya pishi za mtama haikutajwa tena mbele yetu.

Siku hizi makala ile ya kurasa ishirini na moja, iliyonichukua Jumamosi tatu na miezi minane, mjukuu wangu aliipata katika simu kabla chai haijapoa. Nilifurahi, sitadanganya. Halafu nikamwomba aandike Mkata tu, tuone. Zikatoka picha za mbuga ya Kilosa, nyasi na ng'ombe. Akadhani simu imekosea.

Boksi la chaki sasa yamekuwa matatu. Kadi moja chini ya herufi R imeandikwa Rehani, na haina kitu kingine isipokuwa: tazama Kuwekwa.